Mke Wangu Aliniandika Marehemu Kwenye Fomu ya Mageti

Nilipata habari za kifo changu saa nne asubuhi, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, kalamu mkononi.

Hakuna aliyekuja kunipa pole. Ilikuwa imeandikwa tu kwenye fomu, kwa wino wa bluu.

Hali ya ndoa: Mjane.

Sababu ya kifo cha mume: Homa.

Na mwandiko ulikuwa wa mke wangu...

Mwandiko ule naujua, jamani. Ndio ulioandika orodha zangu zote za misumari na bawaba kwa miaka minane. Herufi zake huwa zinalala kushoto.

Nikainua macho. Mke wangu alikuwa hatua ishirini kutoka nilipokaa, anammiminia Afisa wa mradi chai, wanacheka.

Nikaisoma tena. Homa. Yaani hata ajali sikupewa.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo. Mkianzia hapa mtanionea huruma bure, na huruma yenu mimi siistahili. Mtaona wenyewe.

Mimi ni fundi seremala. Huku mtaani wananiita Bawaba, kwa sababu nilianza kazi kwa kurekebisha milango ya watu iliyokuwa inalia. Mke wangu walimwita Bi Shamba. Ukimpa nafasi anaweza kukuongelesha habari za udongo mpaka chai ipoe.

Shamba lenyewe ni lake, aliachiwa na marehemu baba yake. Liko bondeni, mwendo wa saa moja kwa baiskeli. Mama yake anaishi huko huko. Sisi tulikuwa tunakaa vyumba viwili nyuma ya karakana yangu, ambako ukifungua dirisha vumbi la mbao linaingia mpaka kwenye sukari.

Mwaka huo karakana ilikuwa inakata roho. Watu wamehamia milango ya chuma. Nilikuwa nakaa kwenye benchi kutwa nzima napiga msasa vitu ambavyo hakuna mtu aliyeviagiza. Jioni mke wangu akirudi shamba ananiuliza, "Leo amekuja mtu?"

Namjibu, "Amekuja mmoja kuulizia njia."

Tunacheka. Halafu narudi kwenye msasa wangu.

Sasa bondeni kwao kulikuwa na shida yake. Kuna njia ya ng'ombe inayoshuka mtoni, na imepita katikati ya mashamba ya watu. Kila shamba lina uwazi mbele na uwazi nyuma, na uwazi huo waliuziba kwa matawi ya miiba. Ng'ombe si wajinga. Siku mwenye shamba akijisahau, wanaingia. Mke wangu alishawahi kurudi nyumbani analia kwa sababu maharage ya msimu mzima yaliliwa asubuhi moja.

Ndipo ukaja mradi wenye ruzuku. Mashamba ishirini, mageti arobaini, yote ya mbao. Mkulima hatoi kitu, anachimba mashimo ya nguzo tu. Na fundi atakuwa mmoja kwa kazi nzima.

Mke wangu ndiye aliyeniletea habari, hata mkoba hajautua.

"Mume wangu, kazi yako hii."

"Wanataka makaratasi?"

"Wanataka."

"Basi imeshanishinda."

"Nitajaza mimi. Wewe utasaini tu."

Mimi na makaratasi hatuivi chungu kimoja, hilo kila mtu analijua. Alijaza kwa siku tatu, kwenye meza ile ile tunayolia chakula. Nikasaini. Baada ya mwezi nikapigiwa simu kwamba kazi ni yangu.

Nilimbeba mwanamke yule nikamzungusha karakana nzima mpaka tukamwaga kopo la gundi. Sijawahi kufurahi vile tangu nizaliwe.

Kazi ikaanza. Nilikuwa na fundi mwenzangu mmoja, mtu mzima tunayemwita Randa, mkimya, mwenye vidole vinane. Tukawa tunakata, tunachonga, tunapaka nguzo lami upande unaoingia ardhini. Geti la shamba watu wanalidharau, lakini lina ufundi wake. Ule ubao wa mshazari lazima uanzie chini kwenye bawaba, upande juu mpaka kwenye komeo. Ukiugeuza, geti litapendeza siku ya kwanza, na baada ya msimu mmoja limeshusha bega.

Nilikuwa naamka kabla ya jogoo. Nilikuwa mtu tena.

Lakini mke wangu akaanza kubadilika.

Kwanza akahamia shamba. "Nitakaa kwa mama mpaka kazi iishe," akaniambia. "Wanakikundi tunachimba mashimo kwa zamu." Nikaona sawa.

Halafu nikaenda bondeni kusimamisha nguzo za kwanza. Nimefika najifuta jasho, mke wangu akaja na jagi la maji mbele ya watu.

"Fundi, karibu maji."

Fundi? Miaka minane ananiita mume wangu, akikasirika ananiita wewe. Leo Fundi.

Nikamvuta pembeni. "Fundi ndio nani?"

"Watu wasije wakasema unapendelea shamba la mkeo," akasema bila kunitazama. "Tukiwa kazini tuwe kazini."

Nikamwangalia mkono. Kidole cheupe pale pete ilipokuwa.

"Na pete iko wapi?"

"Nachimba mashimo. Itapotea kwenye udongo."

Majibu yote yalikuwa na mantiki. Ndiyo yaliyonitia wasiwasi.

Kisha nikaanza kusikia utani wa wale wanawake wa kikundi. Wanapishana na mke wangu njiani, mmoja anamwambia, "Mjane wetu, za leo?" Wote wanaangua kicheko. Nikitokea, kicheko kinakatika.

Na Afisa sasa.

Afisa wa mradi alikuwa kijana mtanashati, shati limenyooshwa hata kwenye tope. Shamba la kila mtu alikuwa analikagua mara moja. La mke wangu alilikagua mara nne. Nilimhesabia. Anafika, anasalimia, anakaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya mama mkwe. Siku moja nilimkuta amemletea miche ya matunda. Mke wangu alikuwa anaipokea kwa mikono miwili, kichwa kimeinama.

Nilikuwa nimebeba nguzo begani. Nikapita nayo kama sijaona kitu. Nilichimba shimo lile kwa hasira mpaka Randa akanishika mkono.

"Kaka, hilo shimo sasa ni la kisima."

Nikakaa chini.

"Muulize," Randa akasema.

"Nimuulize nini? Mwanaume haulizi. Anaangalia, anaona."

"Mimi nilikuwa naangalia wakati msumeno unachukua vidole vyangu," akanijibu, akarudi kazini.

Sikumsikiliza. Nilikuwa nimeshaamua kuona, na mtu akishaamua kuona, kila kitu kinaonekana. Akivaa gauni jipya, naona. Simu yake ikiita akaipokea nje, naona. Nikienda kulala kwetu mjini peke yangu, nautazama ule upande wake wa kitanda na kusema moyoni, sawa, nitakukamata.

Hivyo ndivyo tulivyofika siku ya makabidhiano.

Mageti yote arobaini yamesimama. Sherehe ilifanyika kwenye shamba la mke wangu kwa sababu liko katikati ya bonde. Turubai, viti vya kukodi, spika inayokoroma. Mimi nikapewa meza na mafaili ishirini. Kazi yangu ilikuwa kusaini ukurasa wa mwisho wa kila faili kuthibitisha kwamba mageti yamefungwa na yanafungika.

Nikasaini kumi bila kusoma. La kumi na moja lilikuwa limelegea kibanio, karatasi zikamwagika mapajani kwangu. Mimi sisomi makaratasi. Ila jina la mke wangu nikiliona nalisoma.

Mjane. Homa.

Nikasimama. Kiti kikaanguka nyuma yangu.

"Afisa," nikaita. "Huyu mama ni mjane?"

Watu wakageuka. Afisa akaweka kikombe chini.

"Ndiyo. Kwani vipi, Fundi?"

Mwenyekiti wa kikundi, mama mmoja mwenye sauti ya kuamrisha hata akinong'ona, akaja mbio kuliko umri wake. "Fundi, njoo pembeni tuongee."

"Sitaki pembeni."

Mke wangu akatua birika. Uso wake ulikuwa umeshajua. Akanisogelea, akaniambia polepole, "Tafadhali. Twende ndani kwa mama. Dakika mbili tu."

Dakika mbili, ndugu zangu. Mtu aliyenipikia, akaniuguza, akaniandikia kila karatasi ya maisha yangu, aliniomba dakika mbili.

Sikumpa.

"Mimi ndiye mumewe," nikawaambia watu. "Niangalieni vizuri. Maiti ndiyo iliyowachongea mageti."

Kuna waliocheka, wakidhani ni mzaha wa sherehe. Walipoona uso wangu wakaacha.

"Ameniua kwenye karatasi ili aolewe na huyu mwenye shati," nikaendelea. "Pete amevua. Mume anamwita Fundi. Na nyinyi wote mlikuwa mnajua, mnanicheka."

"Nyamaza kwanza," mwenyekiti akasema. "Baba, nakuomba unyamaze."

Sikunyamaza. Nikamwita mke wangu jina ambalo siliandiki hapa. Nililisema mbele ya mama yake mzazi, mbele ya majirani waliomjua tangu anatambaa. Spika ilikuwa bado imewashwa, na kipaza sauti kilikuwa mezani kwangu. Bonde zima lilisikia.

Halafu nikachukua spana.

Geti la mbele la shamba lake nililichongea mbao nilizozichagua moja moja, zilizonyooka, zisizo na fundo. Nililipiga msasa mara tatu, wakati mengine nilipiga mara moja. Nikafungua bawaba ya juu. Nikafungua ya chini. Nikalinyanyua peke yangu, geti la kubebwa na watu wawili, nikalitupa kwenye majani. Sina maumivu ya mgongo mpaka leo, maana hasira ina nguvu zake. Maumivu yangu yako sehemu nyingine.

Mke wangu alisimama akaangalia mpaka mwisho. Hakulia.

"Umemaliza?" akauliza.

"Sijamaliza."

"Basi maliza. Mimi nimeshamaliza."

Akaingia ndani kwa mama yake, akafunga mlango taratibu.

Nilitegemea Afisa anipige, au akimbie. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alikwenda kwenye gari, akarudi na faili jingine, akalifungua mbele yangu.

"Fundi, hii sahihi ni ya nani?"

Ilikuwa yangu. Ile ile yenye kimkia.

"Soma juu yake."

Nikasoma. Nadhani ni karatasi ya kwanza niliyoisoma yote maishani mwangu.

Mimi, fundi wa mradi, natamka kwamba sina undugu wala ndoa na mnufaika yeyote wa ruzuku hii.

"Ni sharti la ruzuku," Afisa akasema. "Fundi akiwa mume au ndugu wa mnufaika, hapewi kazi. Ukurasa wa tisa. Ulisaini bila kusoma?"

Nilikuwa nimeikumbuka ile jioni. Mke wangu amekaa mbele yangu na rundo la karatasi, ameweka kidole kwenye ukurasa mmoja. "Soma huu kwanza, kuna jambo inabidi tuzungumze." Na mimi, macho kwenye sahani, namjibu, "Wewe nionyeshe pa kusaini."

Mwenyekiti akakisimamisha kiti changu kilichoanguka, akaketi.

"Sasa sikiliza," akasema. "Mradi ulitaka mashamba yafuatane bila pengo. Shamba la mkeo liko katikati. Akijitoa yeye, bonde zima linakosa. Akibaki yeye, wewe unakosa kazi. Alikuja kwangu akakaa siku nzima. Akasema, mume wangu ananyauka, anapiga msasa vitu visivyo na mwenyewe. Sisi wengine tukamwambia si uandike tu kwamba mmeachana."

"Kwa nini hakuandika?"

"Alikataa. Alisema kuachana ni kitu kinachoweza kutokea kweli, hawezi kukiandika kwa mkono wake. Bora aandike umekufa, kwa sababu kufa kwa karatasi hakumdhuru mtu."

Nikatafuta mahali pa kushika. Nikashika nguzo ya turubai.

"Leo alipanga akuambie, tukishakabidhiwa," mwenyekiti akamaliza. "Alisema utakasirika siku mbili, halafu utacheka."

Afisa alikuwa bado amesimama, ameinamia viatu vyake. Kijana wa watu alikuwa na aibu kuliko mimi.

"Na mimi niseme langu," akasema. "Nilimtaka. Nilidhani ni mjane, nikamtaka kwa heshima, mara tatu. Ile miche alitaka kuirudisha. Mara ya mwisho aliniambia nisihangaike, moyo wake ulizikwa na mumewe."

Nilitembea mpaka kwenye nyumba ya mama mkwe, watu wote wakinitazama mgongoni. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni, amejaza mlango mzima.

"Mama, naomba nimwone."

"Mwanangu, leo usiingie."

"Mama, sikujua."

"Najua hukujua," akasema. "Mimi mwenyewe nilimkatalia huo uongo. Lakini yeye alidanganya watu wa karatasi. Wewe umesema maneno yale kwa mtu mwenye masikio."

Nikarudi mjini kwa miguu. Baiskeli niliikumbuka kesho yake.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya kwa kila mtu isipokuwa mimi. Mradi ukafuta jina la mke wangu. Awamu ya pili, ambayo ingefunga mageti upande wa juu wa bonde, ikasimamishwa. Kule juu watu walikuwa wameshachimba mashimo ya nguzo, wakayafukia wenyewe. Mwenyekiti akavuliwa uongozi. Na aliyelaumiwa kwa yote ni mke wangu. Wale waliokuwa wanamtania mjane wetu wakawa hawamsalimii.

Mimi nilikuwa nasubiri zamu yangu. Nilishajiandaa kwamba nitaitwa, nitafungiwa, nisipate tena kazi yoyote ya ruzuku. Nilikuwa naitamani hiyo adhabu, kusema kweli.

Baada ya miezi miwili nikaitwa ofisini. Chumba kidogo, feni inazunguka bila kutoa upepo, mafaili mpaka dirishani. Yule Afisa akanipa karatasi.

Ilikuwa mkataba. Kuna bonde jingine lilikuwa linataka mageti.

"Mimi?" nikauliza. "Si nilitoa tamko la uongo?"

"Ulisafishwa."

"Na nani?"

Akasita. Kisha akafungua droo akatoa barua, akaigeuza upande wangu. Herufi zimelala kushoto.

Mume wangu hakujua lolote. Niliuficha ukurasa wa tisa nikamsainisha bila kumwambia. Kosa ni langu peke yangu. Yeye ni fundi mzuri, naomba asiadhibiwe.

Nilitazama tarehe. Aliiandika siku moja baada ya makabidhiano. Yaani leo nimemdhalilisha mpaka spika ikamtangaza, kesho yake amechukua kalamu ananiokoa. Na alikuwa amedanganya tena. Hakuuficha ukurasa wa tisa. Aliuweka mbele ya pua yangu, mimi ndiye niliyeangalia sahani.

Nililia ofisini kwa watu, mwanaume mzima, mbele ya feni ile.

"Mkataba unasaini?" Afisa akaniuliza kwa upole.

"Kwanza andika," nikamwambia. "Andika kwamba barua hii si kweli. Alinionyesha, sikusoma."

"Nikiandika hivyo, kazi hupati."

"Andika."

Akaandika. Nikasoma kila neno, ndipo nikasaini. Kazi ilikwenda kwa fundi mwingine, na haki yake.

Kutoka pale nikaenda moja kwa moja bondeni. Ule uwazi wa mbele wa shamba lake ulikuwa umezibwa tena kwa matawi ya miiba. Mageti ya wenzake yamesimama kulia na kushoto, la kwake limelala pale pale nilipolitupa, majani yameota katikati ya mbao.

Nilimkuta jikoni kwa mama yake anachambua maharage. Mama mkwe alituangalia, akachukua ndoo akatoka, ingawa ndoo ilikuwa imejaa.

Mke wangu alikuwa amekonda. Pete hakuvaa, na safari hii sikuwa na haja ya kuuliza kwa nini.

Nikapiga magoti kwenye majivu.

"Nimeiona barua yako," nikasema.

"Alikosea kukuonyesha."

"Kwa nini uliandika, baada ya yale yote?"

Aliendelea kuchambua. "Kwa sababu kazi uliifanya vizuri. Mageti hayana kosa."

"Naomba unisamehe. Nilikosea. Nilikudhania, nikakutukana, nikakuvunjia geti lako. Naomba urudi nyumbani."

Nilikuwa nasikia maharage yakidondoka kwenye sinia, moja moja.

"Nilikusamehe siku nyingi," akasema. "Usipige magoti, utaunguza suruali."

Nikainua kichwa. "Kwa hiyo utarudi?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kila ukinyamaza nitajiuliza unaniona nini. Miaka minane, na hukuwa na swali hata moja la kuniuliza. Ulikuwa na matusi tayari, ila swali hukuwa nalo."

Nikainamia majivu.

"Na jambo lingine," akasema, sasa akinitazama usoni. "Kunitukana ulinitukana kwenye kipaza sauti. Msamaha umeniletea jikoni, mama akiwa nje. Mimi nikienda kisimani, wanawake wananipisha kama nina ugonjwa. Wanajua nilichoandika. Hawajui ulichokataa kusoma. Matusi yangu yana mashahidi, msamaha wangu hauna."

"Nitawaambia. Nitakwenda nyumba kwa nyumba."

"Hata ukiwaambia sirudi. Usije ukafanya ukidhani ni nauli ya kunirudisha."

"Nimeelewa."

"Basi fanya. Nataka niende kisimani kama watu wengine."

Nilikwenda nyumba zote ishirini. Wengine walinipokea, wengine walinijibu wakiwa dirishani. Lakini bonde limeshatawanyika, vijana wako mijini, habari ile imesafiri mbali kuliko miguu yangu. Kuna watu waliirusha kwenye kurasa kama hizi, mke aliyemuua mume kwenye fomu ili aolewe na bosi. Wengine wenu mlicheka. Niliona maoni yenu. Kuna mmoja aliandika wanawake ndio walivyo, akapata mioyo mia tatu.

Ndiyo maana leo naandika hapa, na nimeandika yote, pamoja na yanayoniaibisha.

Mwanamke yule hakuwa na bwana. Hakutaka kuniacha. Alipofika mahali ambapo fomu ilimtaka aandike kwamba tumeachana, mkono wake ulikataa. Mimi ndiye niliyekuja kuyaandika hayo kwa mdomo, mbele ya watu wote, na sasa ndiyo kweli. Tumeachana mwezi uliopita. Talaka yangu niliisoma mwanzo mpaka mwisho.

Msiniambie nikamwombe tena. Msiniambie nitafute mwingine. Somo ninalo moja tu, na nimelilipia: kama una swali juu ya mtu wako, mpelekee yeye mwenyewe, ndani, mkiwa wawili. Akikuomba dakika mbili, mpe.

Na nyinyi wa bondeni mnaosoma hii, mnamjua ni nani. Kesho asubuhi mkimkuta kisimani, msalimieni.